Shangazi Niliyemkana kwa Wino

Siku isiyo na ukungu, ukisimama nyuma ya soko la Busia, upande wetu wa Kenya, unaliona jabali la Tororo limekaa peke yake kule kaskazini. Kwa lori la baba ilikuwa safari ya asubuhi moja, pamoja na kusimama njiani kuongeza maji kwenye rejeta. Lakini enzi hizo za Mwingereza, Kenya ilikuwa na gavana wake na Uganda ilikuwa na wake, kwa hiyo nilipopata nafasi katika chuo kimoja cha ualimu cha Tororo niliandikwa kuwa mwanafunzi wa kutoka nje. Nilicheka sana. Mama yangu alizaliwa Masafu, huko huko Uganda, na nusu ya harusi nilizowahi kula pilau katika maisha yangu zilikuwa ng'ambo ya mpaka. Mpaka wenyewe tuliuvuka kwenda kununua chumvi.

Baba alikuwa akibeba samaki wakavu kutoka Majanji kuwapeleka masoko ya juu. Siku ya kufungua chuo alinipandisha juu ya magunia, mimi na sanduku langu la bati, na nikafika Tororo mapema mno, shati jeupe, kola imepigwa pasi, na harufu ya samaki mpaka kwenye nywele. Katika wanafunzi wote wa nje nilikuwa wa kwanza kufika. Nilijiona hodari kwa jambo hilo, kana kwamba umbali ni kosa la mtu.

Kwenye veranda ya ofisi alikaa karani wa chuo, mtu wa makamo kutoka Kirewa, mwenye miwani iliyofungwa uzi na kalamu ya kuchovya. Yeye ndiye aliyenieleza utaratibu. Pamoja na karo, wazazi wetu sisi wa nje walilipia ada ya daktari, nasi tukapewa kadi ngumu ya rangi ya kahawia. Ukiugua, unaionyesha kadi ile hospitali ya serikali, unapata daktari, dawa na kitanda, na hakuna anayekuuliza swali. Leo tungeiita bima ya afya, ila siku zile neno bima sisi tulilijua kwa malori tu.

Lakini kitanda na dawa havikuwa vyote. Hospitali zetu, jana kama leo, mgonjwa huletewa uji na watu wake, hufuliwa shuka na watu wake, na akiruhusiwa kutoka hurudi kwa watu wake mpaka miguu ipate nguvu. Mwanafunzi wa hapo hapo alikuwa na mama na dada. Wa kutoka nje je? Chuo kikaenda msikitini na kanisani, kikaomba familia za mjini zijitolee. Kila familia iliyokubali ilichukua mwanafunzi mmoja, na jina la mwenye nyumba likaandikwa kwenye mstari wa mwisho wa kadi: mtu wa kumhudumia mgonjwa. Na kwa kuwa si vizuri watu wakutane kwa mara ya kwanza mmoja akiwa hoi, mwanafunzi alikwenda kula katika nyumba hiyo mara moja kila wiki akiwa mzima, Mwislamu Ijumaa, Mkristo Jumapili. Ulikuwa mpango wa watu wenye akili. Ubaya wake ulikuwa mmoja tu, nyumba zilikuwa chache, na waliopewa ni wasio na ndugu wa karibu tu, kwa kufuata nani amefika mwanzo.

Karani akachovya kalamu. "Wewe nakuja toka Kenya," akasema. "Una ndugu hapa Uganda?"

Sasa ngoja niseme ukweli wote, maana nimeshazeeka na aibu zangu nyingi zimekwisha makali. Nyuma ya soko la Tororo, nyumba ya tatu, alikaa shangazi yangu, dada wa baba, tumbo moja. Alikuwa ameolewa na mtu wa malori aliyeshinda kwenye barabara ya Soroti. Asubuhi ile ile baba alikuwa amesimamisha lori mlangoni kwake, na chai aliyotupa ilikuwa bado ya moto tumboni mwangu. Lakini mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alikuwa ameninong'oneza getini kuwa nyumba pekee ya Waislamu iliyobaki baada ya wanafunzi wa zamani kugawiwa ilikuwa ya mjane mmoja fundi cherehani, na kwamba pilau ya mjane huyo ilikuwa na nyama ya kuonekana kwa macho. Isitoshe, kwa shangazi nilikuwa na haki ya kula siku yoyote, kadi isiwe na habari. Nikapiga hesabu ya tumbo. Nikaona naweza kuwa na nyumba mbili.

"Sina," nikasema.

"Hata moja?"

"Hata mmoja."

Alinitazama juu ya miwani kwa muda ambao sikuupenda. Kisha akaandika polepole, kwa mwandiko wake mzuri wa kulala: Hana ndugu Uganda. Chini ya fomu palikuwa na maneno kwamba atakayesema uongo humo atapoteza nafasi yake chuoni. Nikatia sahihi yenye mkia.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda kama nilivyopanga, na lazima nikiri nilinawiri. Ijumaa nilikuwa kwa mjane, mwanamke mnene mwenye kicheko, ambaye alinipima kwa utepe wake wa cherehani kila mwanzo wa mwezi aone kama chakula chake kinaonekana. Jumapili nilikuwa kwa shangazi. Ungefikiri wanawake wawili wa mji mdogo namna ile, wanaosali Idi kwenye uwanja mmoja, wangenifichua ndani ya wiki. Hapo ndipo bahati yangu ilipokuwa. Hawakusemeshana. Miaka kadhaa nyuma, kwenye harusi moja, mmoja alitia chumvi kwenye sufuria ambayo mwenzake alikuwa amekwisha kuitia, na kila mmoja alikuwa bado anashikilia kwamba wa pili ndiye mwenye makosa. Ikawa hata sokoni wanapishana kila mtu na upande wake, na mimi nikawa salama katikati yao.

Mwenzangu wa kitanda cha jirani hakuwa na bahati hiyo. Alitoka upande wa Tabora, Tanganyika, akafika siku tatu baada yetu, kwa garimoshi, kisha meli kutoka Mwanza, kisha basi lililoharibika njiani mara mbili. Alipofika mbele ya karani nyumba zilikuwa zimekwisha. Kwenye mstari wa mwisho wa kadi yake karani aliandika neno moja, Atatafutiwa, na neno hilo likakaa hapo.

Alikuwa Mwislamu kama mimi, kijana mrefu, mwembamba, mpole, na Kiswahili chake kilitutoa jasho. Sisi wa mpakani tulizoea kukitumia Kiswahili kama jembe, kikivunjika tunakifunga kamba tunaendelea. Yeye alisema "naomba radhi" hata kwa mbuzi aliyemzibia njia. Wauza samaki wa soko la Tororo walimwita aje aongee tu, wasikie. Mama mmoja alimpa samaki wa bure akisema, "Huyu mtoto naongea kama redio," na watu wakakubali kuwa ni kweli. Mimi nilimpenda. Ijumaa jioni, nikitoka kwa mjane, nilimletea kipande cha nyama ndani ya karatasi, naye alinishukuru kwa sentensi ndefu, na nilikuwa nikijisikia mkarimu. Sikuwahi kujiuliza nyumba ile ingekuwa ya nani kama mimi ningesema kweli.

Nilijiuliza katika muhula wa pili, mvua kubwa ziliposhika. Rafiki yangu alianza kwa kukohoa, siku ya tatu akawa anapumua kwa kushika ubavu, na tukamkimbiza hospitali. Kadi ilifanya kazi yake. Daktari alimwona, akasema ni kichomi, akampa kitanda na sindano. Lakini uji na mchuzi havikuwa kwenye kadi. Sisi wa bweni lake tulipokezana kumpelekea posho ya chuo, ule ugali wa mahindi, kwenye sufuria, imepoa na kukauka kama tofali, naye aliitazama kwa adabu akisema atakula baadaye. Mgonjwa wa kitanda cha pembeni, mkulima mmoja, alikuwa na mke, dada wawili na mama mkwe. Hao ndio waliokuwa wakimpa rafiki yangu maziwa, kwa kumwonea huruma.

Baada ya wiki tatu homa ikaisha. Nilikwenda nikamkuta amekaa kitandani, mifupa ya mabega imetokeza kwenye shati, na badala ya kufurahi anautazama ukuta uliokuwa nyuma yangu. Daktari alikuwa amesema anaweza kutoka, ila si kurudi bwenini kwenye sakafu ya saruji na baridi ile. Alitakiwa kukaa mwezi mzima katika nyumba yenye joto na mtu wa kumpikia. Mkuu wa chuo naye alikuwa amekuja mwenyewe kumwambia kwamba chuo kimetafuta nyumba na hakikupata. Basi Jumamosi ya wiki inayofuata angepelekwa Kisumu kupanda meli ya kurudi kwao. Nafasi yake isingeweza kumngoja.

"Mwalimu wangu wa shule ya msingi aliuza baiskeli ili mimi nifike hapa," akaniambia. "Sasa hivi anakwenda shuleni kwa miguu. Nikishuka kwenye garimoshi siku hiyo, nitamwamkiaje?"

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua kama mjinga. Niliona haya, na haya hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Mwenye shangazi mjini alikuwa na nyumba kwenye kadi, na asiye na mtu alikuwa anafungiwa sanduku. Nilijua dawa ya jambo lile. Ilikuwa ni kwenda kwa karani na kusema, futa. Lakini kusema hivyo kulikuwa na kufukuzwa ndani yake, na baba alikuwa ameshawaambia watu wote wa barabara yetu Busia kuwa mwanawe anarudi mwalimu. Nikatafuta njia ya kumwokoa rafiki yangu bila kuungua mwenyewe. Njia kama hizo mimi nilikuwa fundi wa kuzitafuta.

Shangazi alikuwa na chumba kitupu, mumewe yuko barabarani siku zote. Nikaona nitamfanya awe nyumba mpya, nyumba iliyojitolea kwa hiari yake, na hakuna haja ya kugusa habari za nani ni nani. Nikaenda, nikakaa kwenye mkeka, nikamweleza habari za mgonjwa kwa uchungu wote niliokuwa nao, na uchungu huo haukuwa wa kuigiza. Sikumaliza. Alikuwa amekwisha kusimama, anatoa godoro lipigwe jua kama jua lingetokea. Aliuliza kwa nini nimengoja wiki tatu. Nikasema sijui. Akasema kesho asubuhi atakwenda mwenyewe kwa huyo mkuu wa chuo kuweka kidole kwenye karatasi, nami nitamwongoza njia.

Hapo ndipo ilikuwa nafasi yangu ya kumwambia. Nilikuwa na jioni nzima, na asubuhi yake nilikuwa na njia yote kutoka sokoni hadi chuoni, yeye mbele na mwavuli wa mumewe, mimi nyuma. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara ya kwanza nikasema barabara ina matope. Mara ya pili nikaufunga tena.

Mkuu wa chuo alikuwa Mwingereza mrefu mwenye masharubu, na Kiswahili chake alikipatia jeshini, akakileta kama kilivyo. Alimpa shangazi kiti, akasikia habari yote, akafurahi. Kisha akanigeukia. Alikuwa mtu wa utaratibu, na jambo moja halikumkalia sawa. Akamwambia karani afungue daftari kwenye jina langu asome. Karani akasoma kwa sauti ya chini, mwandiko wake ule ule mzuri: Hana ndugu Uganda.

"Mama," akasema mkuu wa chuo, "hii kijana nasema yeye hapana ndugu Uganda, hata moja. Sasa wewe najuana na yeye namna gani? Wewe nani yake?"

Shangazi hakumtazama mkuu wa chuo. Alinitazama mimi, na nikaona maneno yale ya daftari yakimwingia, moja baada ya jingine. Nilikuwa nimemkana dada wa baba yangu kwa wino, na chai yake tumboni. Kwetu, mtu anaweza kugombana na shangazi, anaweza hata kumkimbia, lakini hakuna anayesema hana. Angesema tu, "Mimi ni shangazi yake," ningekuwa juu ya magunia ya samaki siku ile ile.

"Mimi si mtu wake," shangazi akasema. "Kitabu chako kimesema hana mtu, basi hana. Nimekuja kwa ajili ya yule mgonjwa."

Karani aliinama akakausha wino ambao ulikuwa umekauka zamani. Mkuu wa chuo akauliza, mama, kwa nini umchukue mtu usiyemjua. Shangazi akamjibu kwamba hospitali inauliza nani atapika, naye anapika. Jibu hilo lilimtosha. Karatasi ikaletwa, shangazi akaweka kidole, na neno Atatafutiwa likakatwa mstari. Mchana wa siku hiyo rafiki yangu alitolewa hospitali kwa baiskeli ya karani, amefunikwa blanketi, akiomba radhi kwa kila shimo la barabara kana kwamba amelichimba yeye.

Kwa hiyo nilishinda pande zote. Rafiki yangu alibaki, mimi nilibaki, na mpango wangu ulikuwa umefanya kazi vizuri kuliko nilivyoomba. Siku iliyofuata nilikwenda kumpelekea mgonjwa madaftari ya masomo, nikazunguka nyuma ya nyumba kama kawaida yangu. Shangazi alikuwa kwenye jiko la nje, anapepeta mchele. Akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba wageni hupita mlango wa mbele.

Nikazunguka. Mkeka haukuwepo. Palikuwa na kiti, kile kiti cha mumewe chenye kitambaa cha kufuma mgongoni, ambacho hata mumewe alikikalia siku za sikukuu tu. Akanikaribisha nikae. Akaniletea chai kwenye trei, kikombe na kisahani chake, biskuti mbili zimepangwa pembeni, kisha akakaa mbele yangu amejitanda vizuri na kunisemesha.

"Bwana mwanafunzi, hujambo? Mkuu wa chuo hajambo? Huko kwenu, sijui ni wapi, hawajambo?"

"Hawajambo," nikasema.

"Na baba yako, simjui, lakini hajambo?"

Nikamwambia hajambo. Biskuti ilinikwama kooni, na aliponiona nakohoa akaniletea maji kwenye glasi, juu ya kisahani.

Ikawa hivyo kila siku. Ningependelea kofi. Ningependelea afunge safari mwenyewe mpaka Busia akanishtaki kwa baba mbele ya mtaa mzima. Hakusema neno kwa baba, hakunifokea, hakununa. Alinifanyia heshima tu. Nikitaka kusimama kusaidia kubeba kuni, alisema, "Hapana, bwana, utachafua shati." Nikimwita shangazi aliangalia nyuma kuona ni nani anayeitwa. Rafiki yangu, akiwa amejilaza chumbani mlango wazi, aliyaona yote. Mwanzoni alifikiri ni mila za Busia. Nilipomweleza mambo yote toka mwanzo, pamoja na habari ya nyumba ya mjane iliyokuwa iwe yake, alicheka mpaka akashika ubavu uliokuwa unapona. Alisema, kwa kile Kiswahili chake sanifu, kwamba amenisamehe, lakini kwa huyo mama hana la kunisaidia.

Yeye mwenyewe alikuwa ananenepa. Mjane fundi cherehani alipata habari za mgonjwa aliyekuwa kwa adui yake, na moyo wake haukuvumilia kuona mtu mwingine akisifiwa. Akanituma na bakuli la supu ya miguu ya ng'ombe. Shangazi alipokea, akaonja, akasema ina chumvi ya kutosha. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, hata la jirani msiyesemeshana, kwa hiyo lilirudi na sambusa. Sambusa zilijibiwa kwa kuku wa kuchemsha. Kuku akajibiwa kwa mkate wa sinia. Mimi ndiye niliyekuwa tarishi, nikivuka mji na mabakuli yaliyofunikwa, na katikati yao mgonjwa alikuwa anakula vya pande mbili bila kusema uongo hata mmoja. Wiki ya tatu mjane alikuja mwenyewe kuchukua bakuli. Nilisikia wanacheka jikoni, na nilijua wananicheka mimi, maana kicheko kilisimama nilipokohoa. Dakika chache baadaye nililetewa chai kwenye trei na mjane, na yeye pia akaniita bwana mwanafunzi.

Mwezi ulipokwisha, rafiki yangu alirudi bwenini akitembea kwa miguu yake, na mashavu. Ningeweza kuyaacha mambo yaishie hapo. Lakini Jumapili iliyofuata nilipita nyuma ya soko, nikasikia shangazi anamfokea mtoto wa jirani kwa kukanyaga mchele wake ulioanikwa, anamfokea kwa jina lake na la baba yake, na nilimwonea wivu mtoto yule. Nilisimama pale nyuma ya ukuta nikasikiliza mpaka mwisho. Kesho yake asubuhi nikaenda ofisini.

Nilimwambia mkuu wa chuo kila kitu nikiwa nimesimama wima. Nilisema yule mama ni dada wa baba yangu, kwamba nilidanganya kwa ajili ya pilau, na kwamba nimekuja kuomba daftari lisahihishwe, hata kama kesho siko. Aliisoma fomu yangu, na sahihi yenye mkia, na yale maneno ya chini yake. Kisha akauliza kwa nini nasema leo na si siku ile mama alipokuwa hapa. Nilitafuta jibu la kisomi, sikulipata. Nikasema ni kwa sababu ananipa chai kwenye trei. Mkuu wa chuo akamtazama karani. Karani akavua miwani, akamweleza kwa muda mrefu, kwa Kiingereza cha pole pole, nikasikia neno shangazi mara nyingi ndani yake. Sijui Mwingereza yule alielewa kiasi gani. Alitoka akasimama verandani akiwa ametugeuzia mgongo, mabega yake yakitikisika kidogo, na aliporudi uso wake ulikuwa mkali kabisa. Akatoa hukumu: ningefyeka nyasi za uwanja wa mpira peke yangu, wiki mbili, bila kusaidiwa na mtu. Ijumaa za mjane zingekuwa za mwenzangu wa Tanganyika. Na jina langu litoke kwenye orodha ya wasio na watu.

Karani ndiye aliyeiandika upya ile kadi yangu. Akachovya kalamu bila kuniuliza jina la shangazi wala nyumba, akaandika moja kwa moja.

"Mimi nakaa nyumba ya nne," akasema. "Toka ile siku ya kwanza mimi nalijua. Wacha ikauke kwanza, usishike wino."

Jioni baada ya kufyeka nilikwenda na kadi, mikono imetoka malengelenge. Nilipita mlango wa mbele, nikakaa kwenye kiti, nikapewa chai. Shangazi alisoma msahafu vizuri, lakini herufi za Kizungu hakuzijua, kwa hiyo nilipomnyooshea kadi aliishika kwa ncha za vidole akanirudishia. Nikamsomea mstari wa mwisho: mtu wa kumhudumia mgonjwa, shangazi yake, dada wa baba, nyuma ya soko, Tororo. Akaniambia nisome tena. Nikasoma. Akauliza imeandikwa kwa penseli au kwa wino. Nikamwambia kwa wino.

Alitazama viganja vyangu. Kisha akainuka, akaninyang'anya kikombe na kisahani chake, chai ikiwa bado nusu.

"Pipa ni tupu tangu asubuhi na wewe umekaa kwenye kiti cha watu," akasema. "Ndoo ziko nyuma. Na usinimwagie maji uani kama mtu asiye na kwao."

Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Malengelenge yalipasuka kwenye mpini wa ndoo ya kwanza, na sikujali. Jioni ile niliteka ndoo nane, ingawa pipa lilikuwa limejaa kwenye ya tano.